Pamba, Maji na Geji: Kuelewa Viwanda vya Mwanzo vya Marekani

Mwanafunzi anayefika kwenye mada ya viwanda vya mwanzo vya Marekani hukutana na orodha: Whitney na mashine ya kuchambua pamba, Slater na uzi, Lowell na mabinti wa kiwandani, Fulton na meli ya mvuke, bunduki zenye vipuri vinavyooana. Orodha hukaririwa, mtihani hupita, kisha inasahaulika, kwa sababu haimwonyeshi msomaji kwa nini jambo moja lilifuata jingine. Ukizitazama mashine zenyewe, sehemu zake na mahali zilipokuwa zikikwama, mfuatano unajitokeza. Kila mashine iliyofaulu ilihamisha msongamano kutoka hatua moja ya kazi hadi hatua inayofuata, na huko mtu mwingine akalazimika kuushughulikia.

Jambo moja liwekwe sawa mapema. Kipindi hiki, takriban 1790 hadi 1860, hakikuwa cha makaa ya mawe na moshi kama wengi wanavyodhani. Viwanda vya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki, viliendeshwa na mito. Mvuke ulianza kutia fora kwenye vyombo vya usafiri, na viwandani ulichelewa sana.

Mbegu inayong'ang'ania

Pamba iliyohusika ilikuwa ya aina mbili. Ya kwanza, iliyolimwa visiwani na pwani ya Georgia na South Carolina, ina nyuzi ndefu na mbegu nyeusi laini. Ukiipitisha kati ya rola mbili zilizobanana, nyuzi hupita na mbegu hubaki nyuma. Wahindi walikuwa na rola za namna hiyo karne nyingi kabla. Ya pili, inayostawi bara mbali na bahari, ina nyuzi fupi zenye urefu wa kama sentimita 2.5, na mbegu yake ya kijani ina manyoya yanayozishika nyuzi. Rola haziiwezi. Kwa vidole, mtu mmoja alitoa takriban ratili moja ya pamba nyuzi kwa siku nzima, yaani chini ya nusu kilo. Ndiyo maana ardhi kubwa ya bara, ambayo ingeweza kuotesha pamba hiyo, haikuwa na faida kwa mkulima wa pamba.

Eli Whitney, kijana wa Massachusetts aliyekuwa amemaliza masomo katika chuo cha Yale, aliunda mashine yake mwaka 1793 akiwa Mulberry Grove, shamba la Catharine Greene karibu na Savannah, Georgia. Sehemu zake ni chache. Kuna silinda ya mti iliyopigiliwa safu za kulabu za waya. Mbele yake kuna ukuta wenye nafasi nyembamba, na kulabu hupita katika nafasi hizo zikivuta nyuzi. Mbegu ni nene kuliko nafasi, basi hubaki upande wa pili na kudondoka. Nyuma ya silinda kuna burashi inayozunguka upande wa kinyume kwa kasi kubwa zaidi, kazi yake kuzifagia nyuzi kutoka kwenye kulabu. Burashi hii ndiyo sehemu inayosahauliwa na wanaochora mashine hii kwenye daftari. Ukiiondoa, nyuzi hujiviringisha kwenye silinda, nafasi huziba, mashine husimama. Mtu mmoja akizungusha kwa mkono aliweza kuchambua ratili 50 kwa siku.

Udhaifu ulikuwa kwenye waya: hupinda na kung'oka. Mwaka 1796 Hodgen Holmes wa Georgia alipata hataza ya mashine yenye misumeno ya duara iliyopangwa kwenye shafti moja, meno yakiwa yamekatwa kwenye bati lenyewe. Umbo hilo ndilo lililodumu. Jineri za Kanda ya Ziwa nchini Tanzania hadi leo zinajulikana kwa makundi mawili, za rola na za misumeno, na mvutano ni uleule: msumeno una kasi kubwa, lakini hukata nyuzi na kuacha vifundo, hasa pamba mbegu ikiingia ikiwa na unyevu.

Hataza ya Whitney ilitolewa tarehe 14 Machi 1794, na inafaa kuielewa kwa sababu neno hilo linajirudia kila mahali katika historia hii. Hataza ni haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze ubunifu wako kwa muda maalumu, wakati ule miaka 14, kwa sharti kwamba ueleze wazi jinsi unavyofanya kazi. Marekani ilipitisha sheria yake ya kwanza mwaka 1790. Whitney na mshirika wake Phineas Miller hawakutaka kuuza mashine; walitaka kuchambua wao wenyewe na kuchukua sehemu mbili kwa tano za mapato, zikilipwa kwa pamba. Wakulima waliona huo ni unyonyaji. Kwa kuwa fundi yeyote wa kijijini aliweza kuinakili mashine baada ya kuiona mara moja, nakala zikaenea. Kesi hazikufua dafu, kwani maneno ya sheria ya 1793 yalikuwa na pengo lililozibwa mwaka 1800 tu. Mahakama ilipompa Whitney ushindi wa wazi, mwaka 1807, hataza ilikuwa inafikia mwisho.

Matokeo makubwa yalikuwa kwingine. Mashine iliondoa msongamano kwenye kuchambua, lakini haikugusa kulima, kupalilia wala kuvuna. Pamba iliendelea kuchumwa kwa vidole, kitumba baada ya kitumba. Mkulima aliyeweza sasa kuchambua mara 50 zaidi alihitaji mikono ya kumlimia na kumvunia, na mikono hiyo aliipata kwa utumwa. Mwaka 1790 Marekani ilikuwa na watumwa karibu 700,000 na ilivuna takriban marobota 3,000 ya pamba. Mwaka 1860 watumwa walikuwa karibu milioni 4, na mavuno yalifika marobota yapata milioni 4. Uingizaji wa watumwa kutoka nje ulipigwa marufuku kuanzia 1808, basi biashara ikawa ya ndani: watu wapatao milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya kusini ya juu kama Virginia na Maryland kwenda Alabama, Mississippi na Louisiana, familia zikitenganishwa njiani. Anayeandika kuhusu viwanda vya Marekani bila aya hii anaandika nusu ya habari, kwa sababu kila robota lililoingia kiwandani kaskazini lilitoka huko.

Kutoka utambi hadi uzi

Miaka 3 kabla ya mashine ya Whitney, usokotaji wa mashine ulikuwa umekwisha kuanza Rhode Island. Samuel Slater alizaliwa Derbyshire, Uingereza, mwaka 1768 na kufunzwa kazi katika kiwanda cha Jedediah Strutt, aliyekuwa mshirika wa Richard Arkwright. Sheria za Uingereza zilikataza mafundi wa nguo kuhama na mashine au michoro yake kutoka nje ya nchi. Slater aliondoka mwaka 1789 bila karatasi yoyote ya kiufundi. Alichobeba kilikuwa kichwani. Moses Brown, mfanyabiashara wa Providence, alikuwa tayari amenunua mashine mbovu zisizosokota vizuri. Slater alizikataa, akaunda upya akisaidiwa na mafundi wa Pawtucket, na mwezi Desemba 1790 kazi ikaanza. Jengo linalojulikana leo kama kiwanda cha Slater lilijengwa mwaka 1793.

Ili kuelewa alichokijenga, fuata pamba yenyewe. Kwanza inachanwa: inapita kati ya silinda kubwa na vichanio vilivyofunikwa ngozi yenye maelfu ya meno ya waya, ili nyuzi zilizovurugana zilale upande mmoja. Meno hayo lazima yawe yamepinda kwa pembe moja. Yakisimama wima mno hayaachii nyuzi, yakilala mno hayazishiki, na pembe isipokuwa sawa pamba hutoka na mabonge. Inayotoka kwenye mashine ya kuchana ni utambi mnene, laini, usio na nguvu.

Kisha unakuja ubunifu wenyewe wa Arkwright, fremu ya kusokotea inayoendeshwa kwa maji, iliyopata hataza Uingereza mwaka 1769. Utambi hupita kati ya jozi za rola zilizofuatana, na kila jozi huzunguka haraka kuliko iliyotangulia. Jozi ya mwisho ikiwa na mwendo mara 6 ya ile ya kwanza, mita moja ya utambi hutoka ikiwa mita 6, nyembamba mara 6. Mwishoni spindeli yenye mikono inayozunguka huusokota na kuukunja kwenye bobini ya mti. Rola za chini ni za chuma zenye mifereji, za juu zimevikwa ngozi na kubanwa kwa uzito unaoning'inia.

Siri iko kwenye umbali kati ya jozi moja na nyingine. Lazima uzidi kidogo urefu wa nyuzi za pamba. Jozi zikikaribiana mno, uzi mmoja wa pamba hushikwa na jozi zote mbili kwa wakati mmoja na kukatika. Zikiachana mno, nyuzi za katikati hazishikwi na yeyote, huelea na kwenda kwa mafungu, na uzi hutoka na sehemu nene na sehemu nyembamba zinazokatika baadaye kwenye ufumaji. Waliojaribu kuunda mashine hii Marekani kwa kusikia habari zake tu walishindwa hapa. Mtu aliyewahi kuifanyia kazi alijua vipimo, na aliyeiona kwa nje hakuvijua.

Wafanyakazi wa mwanzo wa Slater walikuwa watoto, wengi wa miaka 7 hadi 12. Mfumo uliokua hapo unaitwa mfumo wa Rhode Island: kiwanda kidogo kando ya mto mdogo, familia nzima ikiajiriwa na kupangishwa nyumba ya kampuni, na sehemu ya malipo ikitolewa kwa bidhaa kutoka duka la mwajiri. Kiwanda kilisokota uzi tu. Kufuma kulibaki nyumbani: wakala alipeleka uzi kwa familia za wakulima, nao walifuma kwa muda wao na kurudisha kitambaa kwa malipo ya yadi. Msongamano sasa ulihamia huko. Uzi ulijaa maghalani, wafumaji walikuwa wametawanyika, wakifuma wanapopata nafasi baada ya shamba, na hakuna aliyeweza kuwahimiza.

Kitambaa chini ya paa moja

Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, alikaa Uingereza kati ya 1810 na 1812 na kuvitembelea viwanda vya nguo kama mgeni mwenye heshima zake. Aliporudi, vita ya 1812 ilikuwa imefunga njia ya nguo za Waingereza, na kabla yake marufuku ya biashara ya 1807 ilikuwa imeacha mitaji ya wafanyabiashara wa bahari bila kazi. Mwaka 1813 aliunda Boston Manufacturing Company, akatafuta maporomoko ya mto Charles huko Waltham, na akamwajiri Paul Moody, fundi hodari wa mashine. Mwaka 1814 kitanda chao cha mfumi kinachoendeshwa na maji kilikuwa kinafanya kazi.

Kitanda cha mfumi kina seti mbili za nyuzi. Mtande ni nyuzi za urefu, zimekazwa kwenye fremu. Mshindio ni uzi unaopita kwa upana. Mashine lazima irudie matendo matatu bila kukosea. Vitanzi huinua nusu ya mtande na kushusha nusu nyingine ili njia ifunguke. Kipitishio cha mti chenye uzi wa mshindio hurushwa kupitia njia hiyo. Kitana huusukuma mshindio ugande kwenye kitambaa kilichokwisha kufumwa. Wakati huohuo mtande hulegezwa kidogo upande mmoja na kitambaa hukunjwa upande mwingine. Mfumaji wa mkono hufanya haya akiona na kuhisi, mashine haioni. Kipitishio kikinasa katikati ya njia na kitana kikapiga, nyuzi nyingi za mtande hukatika kwa pigo moja, na kuziunganisha ni kazi ndefu. Kwa sababu hiyo chombo cha kusimamisha mashine kipitishio kisipofika upande wa pili kilikuwa na thamani kubwa kuliko kasi yenyewe.

Mambo mawili madogo yaliamua kama mashine italipa. La kwanza ni wanga. Mtande husuguliwa na vitanzi na kitana maelfu ya mara. Bila kupakwa wanga na kukaushwa, huchanika manyoya na kukatika. Moody na Lowell waliunda mashine maalumu ya kuupaka. La pili ni kitanua, kifaa kinachokamata kingo za kitambaa kisisinyae kwa upana. Awali mfumaji alikisogeza kwa mkono kila kitambaa kiliposonga kidogo, na mashine ilisimama. Mwaka 1816 Ira Draper alipata hataza ya kitanua kinachojisogeza chenyewe, na mfumaji mmoja aliyekuwa akihudumia kitanda kimoja akaweza kuhudumia viwili.

Waltham ilileta pia mpangilio mpya. Robota liliingia mlango mmoja na kitambaa kikatoka mlango mwingine: kuchana, kusokota, kupaka wanga na kufuma vyote katika jengo moja, chini ya kampuni yenye hisa na mtaji mkubwa. Huo ndio mfumo wa Waltham na Lowell. Walichagua kitambaa kimoja tu, kinene, kisichopaushwa, cha bei nafuu, kwa sababu uzi mnene hukatika mara chache na hauhitaji mfumaji stadi.

Hapo ushuru wa forodha unaingia, na ushuru wa mwaka 1816 una ujanja unaostahili kufafanuliwa. Kiwango kilikuwa asilimia 25 kwa nguo za pamba. Lakini sheria ilisema nguo yoyote yenye thamani chini ya senti 25 kwa yadi ya mraba ihesabiwe kana kwamba ina thamani ya senti 25. Ushuru wa chini kabisa ukawa senti 6.25 kwa yadi. Nguo nzito ya bei ya senti 25 ililipa robo ya bei yake. Nguo rahisi ya India ya senti 8 ililipa senti hizohizo 6.25, karibu asilimia 78. Lowell mwenyewe alikwenda Washington kulipigania sharti hilo. Liliiua nguo ya India sokoni bila kulitaja jina la India.

Lowell alifariki mwaka 1817. Washirika wake walihitaji maji mengi kuliko ya mto Charles, wakayapata kwenye maporomoko ya Pawtucket ya mto Merrimack, ambako maji hushuka kama futi 32. Merrimack Manufacturing Company iliundwa mwaka 1822, nguo ya kwanza ikatoka 1823, na mwaka 1826 mahali hapo pakapewa hadhi ya mji kwa jina la Lowell.

Soko la nguo hiyo nene lilikwenda mbali. Sehemu ilirudi kusini kuwavika watumwa walioilima pamba yake. Sehemu ilifika Zanzibar. Mkataba kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akawa konsuli wa kwanza wa Marekani Zanzibar. Merikani, jina ambalo nguo hiyo ilipewa huku, isiyopaushwa na imara, ilishinda nguo nyingine kwenye misafara ya bara: ilihesabiwa kwa shuka ya mikono 4 na doti ya mikono 8, ikalipia hongo (ushuru wa njia kwa watawala wa bara) na posho kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora. Salem yenyewe ilijenga kiwanda kikubwa cha Naumkeag, kilichofunguliwa mwaka 1847, nacho kiliendeshwa kwa mvuke. Pembe za ndovu zilizorudi na meli hizo zilikatwa Deep River na Ivoryton, Connecticut, kuwa vitana vya nywele na vibao vya piano. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865 ilipokata pamba ya kusini, nguo za Waingereza na za Bombay zilichukua nafasi ya merikani kwenye soko la Zanzibar.

Jinsi mto unavyofika kwenye spindeli

Bwawa huinua maji, mfereji huyapeleka kiwandani, na gurudumu kubwa lililowekwa chini ya jengo huzungushwa na uzito wa maji hayo. Kutoka hapo shafti ya wima hupanda ghorofa zote, na kila ghorofa ina shafti ndefu chini ya dari. Mikanda ya ngozi hushuka kutoka kwenye shafti hiyo hadi kwenye kila mashine. Mashine ina puli mbili pembeni kwa pembeni, moja imefungwa kwenye ekseli yake na nyingine inazunguka bure. Kuisimamisha, mfanyakazi husukuma mkanda uhamie kwenye puli ya bure, kuiwasha huurudisha. Shafti ya dari haisimami. Nywele au mkono wa gauni ukishikwa na mkanda, hakuna wa kuuzima haraka.

Mwanzoni nguvu ilipandishwa kwa gia nzito za chuma cha kuyeyusha. Jino moja likivunjika, kiwanda kizima kililala, na gia zisizokaa sawa zilitikisa jengo. Mwaka 1828, kwenye kiwanda cha Appleton mjini Lowell, Moody alitumia mikanda mipana badala ya gia kupandisha nguvu kuu. Mkanda ukizidiwa huteleza tu, na ukikatika hushonwa. Njia hiyo ikawa kawaida ya Marekani wakati Waingereza wakiendelea na gia.

Mto nao una adabu zake. Kiangazi maji hupungua. Majira ya baridi barafu huziba mifereji. Na mafuriko, ambayo mtu angedhani ni neema, huinua maji ya upande wa chini hadi gurudumu likazama na kusukumana na maji yaliyokwisha kutumika. Uriah Boyden aliunda mwaka 1844, kwa ajili ya Appleton hiyohiyo, tabaini aliyoiboresha kutoka ubunifu wa Mfaransa Benoît Fourneyron. Tabaini hufanya kazi hata ikiwa imezama, hutumia sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya maji, na ni ndogo kuliko gurudumu.

Wafanyakazi wa Lowell walikuwa hasa wasichana kutoka mashamba ya New England, wakiishi kwenye mabweni ya kampuni yenye masharti ya saa za kulala na kwenda kanisani. Wastani wa kazi ulikuwa kama saa 73 kwa wiki. Hewa kavu hukatisha uzi, basi madirisha yalifungwa na mvuke ukapulizwa chumbani ili unyevu ubaki. Uzi wa mshindio ulipitishwa kwenye tundu la kipitishio kwa kuunyonya kwa mdomo, kipitishio hichohicho kikipita kwa mfumaji mwingine baadaye. Makampuni yalipopunguza mishahara mwaka 1834, mamia ya wasichana waliacha mashine. Walipopandishiwa gharama za bweni mwaka 1836, zaidi ya 1,500 walitoka. Kufikia 1845 Sarah Bagley na chama cha wafanyakazi wanawake wa Lowell walikuwa wakikusanya saini kudai siku ya saa 10 na kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la Massachusetts. Kamati ilikubali kwamba malalamiko yapo, ikakataa kutunga sheria. Hawa walikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza Marekani kusimama mbele ya bunge na kudai haki za kazi, na wanastahili nafasi sawa na mafundi walioziunda mashine.

Mvuke na mifereji

Robert Fulton hakubuni meli ya mvuke. Alichofanya mwaka 1807 ni kuweka injini ya Boulton na Watt kwenye chombo kilichosafiri maili 150 kutoka New York hadi Albany kwa saa 32, na kuonyesha kwamba abiria watalipa. Injini ya Watt hutumia mvuke wa shinikizo dogo na inahitaji kipoza-mvuke kizito. Oliver Evans wa Delaware, ambaye miaka ya 1780 alikuwa ameunda kinu cha ngano kinachojiendesha kwa mikanda ya ndoo na parafujo za kusukuma unga, alichagua njia nyingine: mvuke wa shinikizo kubwa, injini ndogo, isiyo na kipoza. Ilifaa mito ya magharibi, ambako chombo lazima kiwe chepesi na kiweze kupanda mkondo mkali.

Bei yake ilikuwa milipuko. Maji ya mito yana matope. Matope huganda ndani ya boila, chuma chini yake hupata moto kupita kiasi na kulainika. Maji yakishuka chini ya mabomba ya moto hatari ni ileile. Mafundi waliokuwa wakishindana mwendo waliongeza uzito kwenye vali ya usalama isifunguke. Sheria ya 1838 ilikuwa dhaifu. Ile ya 1852 ilidai boila zipimwe kwa maji yenye shinikizo, mafundi wawe na leseni, na shinikizo la kazi lisizidi pauni 110 kwa inchi ya mraba.

Mfereji wa Erie, uliochimbwa 1817 hadi 1825, ulikuwa na maili 363, malango 83 ya kupandisha na kushusha vyombo, na vyombo vyake vilivutwa na nyumbu na farasi. Usafirishaji wa tani moja kati ya Buffalo na New York ulishuka kutoka dola zipatazo 100 hadi dola zipatazo 10.

Vipuri vinavyooana

Hapa ndipo vitabu hukosea zaidi. Mwaka 1798 Whitney, aliyekuwa amefilisika kwa kesi za pamba, alipewa mkataba wa kutengeneza bunduki 10,000 kwa miaka miwili, kwa dola 134,000. Mwaka 1801 aliwaonyesha wakuu wa serikali Washington mitambo ya kufyatulia akiiunganisha kwa vipande vilivyochanganywa. Bunduki za mwisho alizikabidhi 1809. Bunduki zake zilizosalia zimechunguzwa, na vipande vyake haviingiliani. Vingine vina alama zinazoonyesha viliandaliwa kimoja kimoja kwa ajili ya bunduki yake. Wazo lenyewe halikuwa lake: Honoré Blanc alilionyesha Ufaransa, na Thomas Jefferson aliliandikia nyumbani kutoka Paris mwaka 1785.

Ugumu uko wapi? Fundi wa zamani alitengeneza kipande kwa tupa, akakijaribu kwenye mwenzake, akakikwangua tena mpaka kikae. Kila bunduki ilikuwa na vipimo vyake. Ili kipande chochote kiingie popote, kila kimoja lazima kilingane na kipimo kilichowekwa nje yake, yaani geji. Tundu moja la geji lazima kipande kipite. Jingine lazima kisipite. Kati ya hayo mawili ndiko kosa linaloruhusiwa.

John Hall, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha silaha cha serikali cha Harpers Ferry kuanzia 1819, alitambua kosa jingine lililojificha. Ukichonga upande wa pili ukipimia kutoka wa kwanza, na wa tatu ukipimia kutoka wa pili, makosa madogo hujumlishana. Akaamuru kila hatua ipimwe kutoka sehemu moja ileile ya rejea kwenye kipande, na kipande kishikwe kwenye fremu inayokigusa pale pale. Pia aliunda mashine za kuchonga chuma zinazokata umbo lilelile kila mara, bila kutegemea mkono wa fundi. Wakaguzi wa serikali waliozipima bunduki zake kabla ya miaka ya 1820 kwisha walithibitisha kwamba vipande vyake vinaoana. Hall ndiye anayestahili sifa ambayo vitabu vingi vya shule vimempa Whitney.

Mti ulikuwa na ugumu wa peke yake, kwa sababu kitako cha bunduki hakina mstari ulionyooka. Thomas Blanchard alipata hataza mwaka 1819 ya mashine ya kukereza isiyo ya mviringo: kielelezo cha chuma na kipande cha mti huzunguka pamoja, gurudumu dogo hufuata kielelezo, na kisu kilichounganishwa nalo huukata mti kwa umbo hilohilo. Ilisimikwa kwenye kiwanda cha silaha cha serikali cha Springfield, Massachusetts, na baadaye ikakereza mipini ya shoka na vielelezo vya viatu.

Nje ya silaha, Eli Terry wa Connecticut alitia saini mkataba wa kutengeneza mitambo 4,000 ya saa za mti kwa miaka 3, wakati ambapo mtengenezaji wa kawaida alitoa chache tu kwa mwaka. Mwaka wa kwanza aliutumia kuunda mashine na geji, miwili iliyofuata kutengeneza saa, akamaliza mwaka 1809. Mti ulimsaidia, kwa kuwa unavumilia kosa ambalo chuma hakivumilii.

Mwaka 1854 kamati ya Waingereza ilifika Springfield kuukagua mfumo huo. Walichagua bunduki 10, moja ya kila mwaka kuanzia 1844 hadi 1853, zikafunguliwa zote na vipande vikachanganywa. Fundi wa kuunganisha alipewa vipande vilivyookotwa ovyo, na kwa bisibisi peke yake akaziunganisha zote 10. Kamati iliagiza mashine za kuchonga chuma kutoka kampuni ya Robbins & Lawrence ya Vermont, na mashine za kukereza vitako kutoka kampuni ya Ames ya Chicopee, Massachusetts, zikapakiwa melini kwenda kiwanda cha bunduki cha serikali huko Enfield.